Daftari la Mtaa Si Gazeti

Mwananchi wa Mbagala au Tandale anapokwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho, huulizwa jina, kazi na nyumba anamokaa. Hujibu bila kinyongo, kwa kuwa usalama wa mtaa ni wake. Tangu 2019 ametakiwa hata alama za vidole ili laini yake ya simu isajiliwe.

Je, taarifa hizo kisha husomwa na nani? Hapo ndipo baadhi ya watendaji hutunisha misuli na kutamka neno moja, "usalama", kana kwamba neno hilo limefuta Katiba. Halikuifuta. Ibara ya 16, iliyoingizwa mwaka 1984, inalinda faragha ya mtu, na inataka sheria iseme hali, namna na kiasi cha kuiingilia. Kiasi, ndugu zangu! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeacha nafasi kwa usalama wa Taifa. Haikuacha nafasi kwa umbea wa afisa anayetaka kujua mpangaji fulani hutembelewa na nani usiku.

Basi kila anayefungua jalada la mwananchi, awe askari, mtendaji wa kata au mwalimu mkuu, aandike jina lake, siku na sababu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iyakague maandishi hayo. Mwenye sababu halali hatapoteza hata dakika mbili. Anayeona haya kuiandika, alirudishe jalada kabatini.