Mtihani wa komersiale: hesabu haimshindi mtoto aliyehama, kinachomshinda ni mwaka uliokatika

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, kila mtaa unajulikana kwa poda. Vijana waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, pikipiki zinapiga honi, mama wanapiga vigelegele. Mahali wanapoishi familia zilizohama vita, kelele inakuwa ndogo. Na mtoto aliyeshindwa anasema neno lile lile kila mwaka: itemu zilikuwa ngumu.

Neno hilo linafaa kuchunguzwa, zaidi kwa wale wa opsio ya komersiale. Ni wengi, na wazazi wengi wanawapeleka huko wakiamini kwamba mtoto wa muuzaji hawezi kushindwa na mambo ya biashara. Diploma ya opsio hiyo ni njia mojawapo ya kuingia kwenye shule za juu za biashara, kama ISC ya Goma, na kwenye fakulte za uchumi. Je, itemu zenyewe ndizo ngumu, ama kuna jambo lingine?

Kwanza, mtihani wenyewe uko namna gani? Una sehemu mbili. Ya kwanza ni hors-session: mwanafunzi anaandika dissertation kwa Kifaransa, anahojiwa kwa mdomo, na wale wa masomo ya ufundi wanaonyesha kazi ya mikono yao mbele ya jury. Ya pili ni session ordinaire, siku 4: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsio. Katika siku hizo 4 hakuna kuandika maelezo marefu. Ni itemu, kila moja na majibu yake, na mwanafunzi anachagua moja. Hakuna mwalimu atakayesoma hesabu zake pembeni na kumpa nusu ya pointi kwa sababu alianza vizuri. Jibu ni sahihi ama si sahihi.

Wengine wanafikiri kuchagua ni rahisi kuliko kuandika. Wafanye hesabu. Kama itemu ina majibu 5, anayechagua kwa kufumba macho atapata kama moja juu ya 5, yaani 20 kwa mia. Mtihani unadai 50 kwa mia. Bahati peke yake haifikishi mtu huko.

Tuangalie sasa masomo ya opsio. Itemu za komersiale ni za aina tatu. Aina ya kwanza inauliza maana ya neno: amortissement ni nini, lettre de change ni nini. Aina ya pili inauliza mahali pa kitu: mauzo yanaandikwa katika akaunti ya klasi gani? Mwanafunzi anayejua kwamba klasi ya 2 ni mali ya kudumu, ya 3 ni stock, ya 4 ni watu wanaodai na wanaodaiwa, ya 5 ni benki na sanduku, ya 6 ni gharama na ya 7 ni mapato, hatatoka jasho hapo. Aina ya tatu ni ya kuhesabu, na ndiyo inayowaangusha wengi.

Mfano. Muuzaji ananunua bidhaa za 500.000 FC bila kodi. Anapewa remise ya 10 kwa mia. TVA ni 16 kwa mia. Atalipa ngapi? Majibu yanaweza kuwa haya: 450.000, 522.000, 530.000, 580.000 na 630.000.

Jibu sahihi ni 522.000. Unatoa kwanza 50.000 ya remise, inabaki 450.000, TVA ya 450.000 ni 72.000, jumla 522.000. Lakini tazama yale mengine, hakuna lililowekwa ovyo. Aliyesahau TVA atakuta 450.000 yake inamngojea. Aliyesahau remise atakuta 580.000. Aliyejumlisha vyote viwili, remise na kodi, atakuta 630.000. Na aliyetoa 10 kwenye 16 akaongeza 6 kwa mia atakuta 530.000, atafurahi, atasonga mbele. Kila kosa limetengenezewa jibu lake. Kwa hiyo kukuta hesabu yako kati ya majibu haimaanishi umepata.

Mfano mwingine: pikipiki ya 3.000.000 FC imenunuliwa tarehe 1 Aprili, itatumika miaka 5. Amortissement ya mwaka wa kwanza ni ngapi? Kwa haraka mtu anagawa kwa 5, anapata 600.000. Lakini pikipiki imefanya kazi miezi 9 tu mwaka ule, kwa hiyo ni 450.000. Tena: 600.000 FC zimekopeshwa siku 90 kwa 12 kwa mia. Katika hesabu za biashara mwaka ni siku 360, na faida ni 18.000. Anayetumia 365 anakuta hesabu isiyo ya kawaida, 17.753, na anaanza kubahatisha.

Hakuna jambo la ajabu hapa. Ni kuzidisha, kugawa na kutoa. Binti aliyekimbia na mama yake na sasa anamsaidia kuuza unga sokoni anafanya hesabu ngumu kuliko hizo kila asubuhi: dola imepanda, gunia limepungua, mteja anadai bei ya jana. Hakosei, kwa sababu akikosea hawatakula jioni.

Basi kwa nini huyo huyo anaanguka? Sababu ya kwanza ni Kifaransa. Itemu haisemi "bila kodi," inasema hors taxes. Haisemi "amepunguziwa," inasema remise, ama rabais, ama ristourne, na hayo matatu si kitu kimoja. Rabais inatolewa kwa sababu ya kasoro ya bidhaa, remise kwa ukubwa wa agizo ama kwa mteja wa kawaida, ristourne kwa jumla ya manunuzi ya muda fulani. Neno moja likipita bila kueleweka, hesabu nzuri inafanywa juu ya swali lingine.

Sababu ya pili ni vitabu. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na kontabilite ikabadilika. Lakini kopi na vitabu vinavyopita mkono kwa mkono katika familia nyingi bado ni vya mpango wa zamani, ule wa 1976, na nambari za akaunti hazilingani zote. Mtoto aliyeacha vitabu vyake nyumbani siku ya kukimbia, akaazimwa kitabu cha kaka wa jirani, anaweza kusoma kwa bidii usiku kucha na kukariri nambari ambazo hazitumiki tena.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa: mwaka uliokatika. Kontabilite ni kama ngazi. Asiyejua debit na credit hawezi kuandika fakture. Asiyejua fakture hawezi kuelewa TVA. Na asiyejua kazi za mwisho wa mwaka hawezi kufunga bilan. Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa humanités, ule ambao wengi bado wanauita wa sita, akipoteza miezi miwili njiani, hapotezi kurasa kadhaa tu. Anapoteza daraja moja la ngazi, na yale ya juu yake yote yanayumba. Anapofika shule nyingine anakuta wenzake wako mbele, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana nafasi ya kurudi nyuma kwa ajili yake.

Hapo ndipo wachuuzi wa itemu wanapoingia. Wanapita katika simu kila mwaka wakiuza "itemu za kweli." Mzazi asiye na chakula cha kesho anatoa pesa ya unga anunue karatasi. Lakini mtihani unakuwa na série mbalimbali: mtoto na jirani yake wa kiti wanaweza kuwa na maswali ambayo hayafuatani. Orodha ya majibu iliyouzwa mtaa mzima itamsaidia nani? Huo ni wizi unaofanywa juu ya watu walioibiwa tayari na vita.

Wako wanaosema: watoto waliohama watungiwe mtihani mwepesi. Maneno hayo yana huruma, lakini hayana faida. Diploma ikijulikana kwamba ni ya huruma, shule ya juu itaitazama kwa jicho la pembeni na mwajiri vilevile. Mtoto atakuwa amehamishwa mara mbili: kwanza kijijini, halafu katika heshima ya makaratasi yake. Kinachofaa ni kumrudishia mwaka wake, mtihani ubaki kama ulivyo.

Kurudisha mwaka kunawezekana bila maneno makubwa. Prefe anayepokea mwanafunzi aliyehama amwulize kwanza alifika wapi, badala ya kuanza na deni la ada. Walimu wa kontabilite wa shule jirani wanaweza kugawana saa mbili za Jumamosi kwa wale waliokatika, wakianzia debit na credit. Redio za mitaa, ambazo zinapata nafasi ya kutangaza majina ya waliofaulu, zipate pia nusu saa kwa juma kufundisha itemu moja, kwa Kifaransa cha mtihani na kwa maelezo ya Kiswahili. Wakubwa wa elimu watangaze mapema mahali pa kufanyia mtihani kwa wale ambao shule zao zimefungwa, na waamue waziwazi juu ya malipo ya kushiriki, ili asiwepo mtoto anayebaki nje ya mlango kwa kukosa pesa hiyo.

Wazazi nao wana kazi yao. Bulletin za shule ziwekwe pamoja na karatasi za kuzaliwa katika mfuko mmoja usiopitisha maji, mfuko ule unaoshikwa wa kwanza watu wanapokimbia. Mtoto apewe saa yake ya kusoma kabla ya giza, hata kama ni baada ya soko. Na akifanya itemu za miaka iliyopita, asiridhike na kujua jibu sahihi. Aeleze kwa nini yale mengine 4 si sahihi. Akiweza hivyo kwa itemu 10, amejifunza kuliko aliyekariri majibu 100.

Na binti yule wa unga, mama yake amwachie mara moja kwa juma aandike mauzo ya siku katika daftari: kilichoingia upande mmoja, kilichotoka upande wa pili. Hiyo ndiyo kontabilite. Majina ya Kifaransa atayaongeza juu yake. Poda haiulizi mtu ametoka kijiji gani.