Tusifyeke Pori kwa Faida ya Mwingine

Wafanyakazi wengi wa Arusha hutafuta vishamba vya kukodi chini ya Mlima Meru, wapate kulima mahindi na mboga. Mara nyingi waonyeshwacho ni pori lililoachwa na mwenyewe. Je, yafaa kulikodi?

Sisi twasema yafaa, lakini si kwa msimu mmoja. Penye ndago, msimu wa kwanza huishia katika kung'oa mizizi. Mavuno ya kweli huja baadaye. Apewaye msimu mmoja hakukodi shamba: amemfyekea mwenzake pori, tena kwa kumlipa.

Watu wa Meru waijua thamani ya ardhi. Walipofukuzwa Ngare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Ndugu Kirilo Japhet kuidai mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Basi aliyeiacha ikaota magugu haimpasi kunyonya jasho la aifufuaye.

Ndugu mfanyakazi, dai mkataba wa maandishi wa miaka mitatu, mbele ya mashahidi. Akikataa, mwachie pori lake.