Safu Moja Zaidi Kwenye BOQ

Kwa Msajili,
Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi

Ndugu Msajili,

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kuhesabu kabla wengine hawajajenga: mita za ujazo za zege, tani za nondo, mifuko ya saruji, hadi misumari ya mbao za kufungia zege. Mwaka jana mshitiri mmoja aliniuliza ghorofa lake lingetoa hewa ya ukaa kiasi gani. Nilikosa jibu, na niliona aibu, maana karibu kila kitu cha kumjibu kilikuwa ndani ya BOQ, yaani jedwali la vipimo na gharama za ujenzi, niliyoishika mkononi.

Chukua saruji peke yake. Klinka yake hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Wengi hudhani hewa ya ukaa yote inatoka kwenye makaa au gesi ya kuwashia tanuru. Kumbe zaidi ya nusu inatoka ndani ya jiwe lenyewe; hata tanuru lingewashwa kwa nguvu ya jua, ingetoka vilevile. Kwa hiyo kinachoamua ni wingi wa klinka. Mfuko wa kilo 50 ulio karibu klinka tupu unabeba hewa ya ukaa inayokaribia kilo 45. Uchanganye na majivu ya volkano, kama yale ya Mbeya, na kiasi kinashuka, kwa kuwa majivu hayo yalikwishachomwa na mlima wenyewe. Kwenye jedwali langu mifuko hiyo miwili inatofautiana kwa bei na nguvu tu.

Nondo nazo ni hivyo hivyo. Tani moja ya chuma kilichotoka kwenye mawe ya chuma kwa tanuru la makaa hubeba takribani tani 2 za hewa ya ukaa; chuma chakavu kilichoyeyushwa kwa umeme huweza kubeba chini ya nusu ya hizo.

Jengo likishahamiwa, mita ya LUKU inahesabu uniti zake za umeme. Haihesabu dizeli ya jenereta, wala gesi ya viyoyozi inayovuja na kujazwa upya kila msimu wa joto. Kilo moja tu ya gesi ya R410A ikivuja, athari yake kwa joto la dunia ni sawa na zaidi ya tani 2 za hewa ya ukaa. Ukitazama minara ya vioo ya Posta, hapa Dar es Salaam, inavyopokea jua la saa tisa alasiri, utajua kwa nini viyoyozi vyake havipumziki. Uamuzi wa kuweka vioo hivyo ulifanyika kwenye meza ya mchoraji. Na kadiri umeme wetu unavyotegemea zaidi maji ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, ndivyo sehemu kubwa ya hesabu itakavyobaki kwenye saruji na chuma, vitu ambavyo jengo likishasimama huwezi tena kuvipunguza.

Ndugu Msajili, Bodi yako inasajili miradi kwa mujibu wa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Naomba kila mradi mkubwa unaoletwa kwenu uje na BOQ yenye safu moja zaidi, ya kilo za hewa ya ukaa, na makadirio ya matumizi ya nishati kwa miaka 50. Denmark ilianza mwaka 2023: jengo jipya la zaidi ya mita za mraba 1,000 halikuruhusiwa kuvuka kilo 12 za hewa ya ukaa kwa mita ya mraba kwa mwaka. Sisi tusianze na ukomo. Tuanze kupima.

Ila tusipime kwa takwimu za kuazima. Jedwali la Ulaya halijui tofali la Iringa lililochomwa kwa kuni za msituni, wala lori la saruji linalotoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Bodi iwaite wenye viwanda na vyuo vikuu, itoe kitabu cha takwimu zetu, kipitiwe upya kila baada ya muda. Najua wenzangu watalalamika kwamba ni kazi ya ziada. Kwa mtu aliyekwisha kuhesabu mifuko, ni kuzidisha tu.

BOQ ya mradi wangu ujao nitaileta ikiwa na safu hiyo, hata kama fomu yenu bado haina pa kuiandika.

Wako katika kazi,
Mkadiriaji majenzi, Dar es Salaam