Mäkelä anahitaji muda, si okestra nyingine

Aprili 2024, Okestra ya Simfoni ya Chicago ilitangaza kwamba mkurugenzi wake mpya wa muziki atakuwa Klaus Mäkelä, Mfini aliyekuwa na umri wa miaka 28. Kazi yenyewe ataianza msimu wa 2027, akiwa na miaka 31, na katika historia ya okestra hiyo hakuna aliyeshika nafasi hiyo akiwa mdogo kuliko yeye. Mjadala ukawaka papo hapo, na sehemu kubwa ulihusu umri. Mtu aliyezaliwa 1996 atawaambia nini wanamuziki waliopiga chini ya Daniel Barenboim na Riccardo Muti?

Atawaambia mengi tu, kwa sababu si mgeni wa kazi hii. Alizaliwa Helsinki, baba mpiga chelo, mama mpiga piano. Utotoni aliimba katika kwaya ya watoto ya Opera ya Taifa ya Finland, na huko ndiko alikoanza kumtamani yule mtu anayesimama mbele ya wenzake na kijiti mkononi. Alipokuwa na miaka 12 tayari alikuwa mwanafunzi wa Jorma Panula katika Chuo cha Sibelius.

Panula, aliyezaliwa 1930, ndiye mwalimu aliyewalea Esa-Pekka Salonen, Sakari Oramo, Osmo Vänskä na Susanna Mälkki. Ni jambo la kustaajabisha kwamba nchi yenye watu wapatao milioni tano na nusu imetoa waongozaji wengi hivyo, lakini njia ya Panula haina uchawi. Mwanafunzi anasimamishwa mbele ya okestra ndogo ya wanamuziki halisi, anaongoza, na kamera inamrekodi. Kisha anaketi na kujitazama. Mkono wa kushoto unaoiga wa kulia bila sababu, unaonekana. Macho yaliyoganda kwenye karatasi ya nota wakati mpiga filimbi anasubiri ishara, yanaonekana. Panula husema maneno machache sana. Video imekwisha kusema.

Thamani ya malezi hayo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtoto anayejifunza chelo ana chelo chumbani kwake na anaweza kukosea usiku kucha bila mtu kujua. Anayejifunza kuongoza hana chombo nyumbani. Chombo chake ni watu 80 au 100 wenye mishahara, na makosa yake huyafanya mbele yao. Mtoto wa Helsinki aliyepewa nafasi ya kukosea akiwa na miaka 12 hawezi kuitwa mwanagenzi akiwa na 28.

Kinachonitia wasiwasi ni kasi ya waajiri wake. Aliongoza Okestra ya Filamonia ya Oslo kwa mara ya kwanza Mei 2018. Oktoba mwaka huohuo akateuliwa kuwa mwongozaji wake mkuu. Okestra ya Paris ilimwona Juni 2019, na Juni 2020 ikamtangaza. Juni 2022 Okestra ya Kifalme ya Concertgebouw ya Amsterdam ikamwahidi uongozi kuanzia 2027. Chicago ikafuata. Ndani ya miaka sita okestra nne kubwa zilimwania kijana mmoja, na kila moja ilijua kwamba nyingine zinamtaka.

Historia ya Amsterdam yenyewe ina fundisho hapa. Mwaka 1895 okestra ya Concertgebouw, iliyokuwa na miaka saba tu tangu kuanzishwa, ilikabidhiwa kwa Willem Mengelberg, kijana wa miaka 24. Alikaa nayo nusu karne, hadi 1945, alipopigwa marufuku kuongoza kwa sababu ya mwenendo wake wakati wa uvamizi wa Wanazi. Doa hilo halifutiki. Hata hivyo, okestra ya mji mdogo kwa kulinganisha na Vienna au Berlin ilipanda hadi safu ya kwanza duniani mikononi mwa mtu aliyeipokea akiwa mdogo kuliko Mäkelä wa leo, na aliyekuwa akiwaona wanamuziki wake mwaka baada ya mwaka.

Gustavo Dudamel wa Venezuela naye alianza kuongoza okestra ya Los Angeles mwaka 2009 akiwa na miaka 28. Hakuondoka baada ya mkataba wa kwanza. Okestra ya vijana ya mji huo ilikua pamoja naye, na mwaka 2021 ikafunguliwa kituo chake huko Inglewood, kilichosanifiwa na Frank Gehry.

Mwalimu yeyote wa kwaya ya kanisa anaijua siri hii ya kukaa na watu wako muda mrefu. Anamjua anayeshusha sauti akichoka, anajua nani katika sauti ya nne huchelewa kuingia, na hakuyajua hayo kwa Jumapili mbili. Okestra ni hivyohivyo, ila kwa kiwango kinachoogofya. Chukua mwisho wa Simfoni ya Tano ya Sibelius, ambayo Mäkelä ameirekodi pamoja na Oslo: mapigo sita makubwa ya okestra nzima, na kati yake kimya. Hakuna anayepiga chochote katika kimya hicho. Upinde wa vayolini umeinuliwa, pumzi ya tarumbeta imeshikwa, na watu wote wanapaswa kuhisi kwa pamoja ni lini pigo linalofuata litashuka. Kijiti peke yake hakitoshi kuleta umoja huo. Kinachohitajika ni watu waliokwisha kuzoeana.

Mkataba wa Chicago ni wa wiki zisizopungua 14 kwa msimu, na nne kati ya hizo ni za ziara. Zinazobaki ni kumi za kukaa na mji wake na okestra yake, huku upande wa pili wa Atlantiki Amsterdam nayo ikidai haki yake. Mikataba ya Oslo na Paris inafikia mwisho 2027, na hilo ni jema. Ingekuwa jema zaidi kama bodi za Chicago na Amsterdam zingekaa meza moja na kumwomba apunguze mialiko ya kwingineko kwa miaka ya mwanzo, hata kama itagharimu tiketi na sifa.

Mkataba huo wa Chicago ni wa miaka mitano, na miaka hiyo isiwe kikomo. Mwongozaji Simon Rattle alipewa okestra ya Birmingham mwaka 1980 akiwa na miaka 25, akakaa hadi 1998. Ukumbi mpya wa okestra hiyo, unaosifiwa mno kwa sauti yake safi, ulifunguliwa 1991, akiwa katika mwaka wake wa kumi na moja.