Umri wa Nyonga Bandia Umo Katika Plastiki Yake

Mtu aliyebadilishwa nyonga husemwa mitaani kuwa "amewekewa chuma". Usemi huo una nusu ya ukweli. Katika nyonga bandia iliyo ya kawaida zaidi, kichwa cha chuma au cha kauri huzunguka ndani ya kikombe chenye bitana ya plastiki iitwayo polietilini. Chuma huhimili miaka mingi. Kinacholika upesi zaidi ni plastiki. Kwa hiyo, anayeuliza kiungo chake kitadumu kwa muda gani anauliza pia, kwa sehemu kubwa, amewekewa plastiki ya aina gani. Swali hilo linastahili kujibiwa kabla ya upasuaji, na jibu lake kuandikwa mahali ambapo mgonjwa mwenyewe anaweza kulisoma.

Historia ya tiba hii inaonyesha gharama ya kukosea. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari bingwa wa Uingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington, alichagua Teflon kutengenezea vikombe vya nyonga kwa sababu ya utelezi wake. Baada ya miaka michache vikombe hivyo vilikuwa vimelika vibaya, chembe zake zimedhuru tishu zilizovizunguka, na wagonjwa wengi walilazimika kurudi kwenye chumba cha upasuaji. Fundi wake, Harry Craven, aliipima polietilini katika mashine ya maabara na kuona kwamba inalika kidogo sana ikilinganishwa na Teflon. Mwaka 1962 Charnley akaanza kuitumia. Ilibainika hivyo kwamba kuteleza ni jambo moja, na kustahimili msuguano ni jambo jingine.

Hata hivyo, polietilini nayo hulika. Ile ya zamani ilipungua kwa takriban milimita 0.1 kwa mwaka. Bandu bandu huisha gogo, wahenga walisema. Lakini katika nyonga madhara hayasubiri gogo liishe. Kila hatua ya mgonjwa humwaga chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli za kinga huzimeza chembe hizo, hushindwa kuzisaga, kisha hutoa kemikali zinazoziamsha seli nyingine zenye kazi ya kubomoa mfupa. Mfupa unaoshikilia kiungo huliwa polepole, na hatimaye kiungo hulegea. Kwa muda mrefu mgonjwa huweza kutembea bila maumivu yoyote huku uharibifu ukiendelea.

Sehemu ya tatizo ilianzia kiwandani. Kwa miaka mingi vikombe vilitakaswa kwa mionzi ya gama vikiwa ndani ya pakiti zenye hewa. Mionzi ilikata minyororo ya molekuli, na oksijeni ikaishambulia mikato hiyo, hata plastiki ikadhoofika ikiwa bado stoo. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuondoa oksijeni katika pakiti. Mwishoni mwa muongo huo ikaja polietilini ambayo minyororo yake imefungamanishwa kwa kiwango kikubwa zaidi cha mionzi, kisha ikapashwa joto ili kupunguza mabaki yanayovutia oksijeni. Baadaye baadhi ya viwanda viliongeza vitamini E kwa lengo hilohilo. Rejista ya kitaifa ya Australia, inayofuatilia viungo bandia tangu mwaka 1999, imeonyesha kuwa nyonga zenye plastiki iliyofungamanishwa huhitaji upasuaji wa marudio kwa kiwango kidogo kuliko zile za plastiki ya zamani.

Si kwamba plastiki mpya haina kasoro. Ufungamanisho huipunguzia ushupavu, hivyo bitana iliyo nyembamba mno au iliyowekwa kwa pembe mbaya inaweza kupasuka. Katika goti, ambako mzigo na mwendo ni tofauti, faida yake haijawa dhahiri kama ilivyo katika nyonga. Wapo pia wanaosema kwamba mzee asiyetembea sana anaweza kumaliza maisha yake kabla plastiki ya kawaida haijachakaa, na kwamba fedha ni chache. Hoja hiyo ina uzito.

Lakini katika Afrika Mashariki wanaohitaji nyonga bandia si wazee peke yao. Ugonjwa wa selimundu huziba mishipa midogo ya damu na kuua mfupa wa kichwa cha paja kwa watu ambao bado ni vijana. Mwenye umri wa miaka 30 anatarajia kuitembelea nyonga yake kwa miongo kadhaa. Kwake yeye, plastiki ya bei nafuu inaweza kuwa ghali kuliko zote, kwa kuwa upasuaji wa marudio ni mrefu na mgumu zaidi, huhitaji vifaa vikubwa zaidi, na hufanyika katika mfupa uliokwisha pungua.

Hospitali zina mambo matatu ya kufanya. La kwanza, hati za ununuzi zitaje aina ya plastiki na jinsi ilivyotakaswa na kufungwa, na kifaa kilichopitwa na tarehe kikataliwe hata kikiwa cha msaada. La pili, lebo inayokuja na kila kifaa ibandikwe katika jalada la mgonjwa, na nyingine katika kadi anayokwenda nayo nyumbani. La tatu, mgonjwa aitwe kupigwa eksirei kwa vipindi vilivyopangwa, hata kama hana maumivu. Malawi imekwisha kuonyesha kwamba rejista ya kitaifa ya viungo bandia inaweza kuanzishwa hata katika nchi yenye upasuaji wa aina hii mchache.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: plastiki hii ni ya aina gani, imeandikwa wapi, na nirudi lini kupimwa? Muuguzi au daktari anayejibu maswali hayo kwa utulivu anampa mgonjwa nafasi ya kugundua ulikaji mapema, wakati bitana peke yake bado inaweza kubadilishwa na mfupa kuokolewa.