Kusema kwa Ulimi wa Mwenzio

Mwezi huu tumeletewa suali na vijana wawili wa madrasa yetu, nao wametaka tulijibu hapa ukurasani ili wenzi wao walisome. Wauliza: Kuna ubaya gani mtu kufungua akaunti mtandaoni kwa jina la mwingine, akamwigiza kwa mzaha, watu wakacheka, hali hakuchukua senti ya mtu? Sababu ya suali hili tutaieleza mbele, kwani sisi wenyewe tumo ndani yake.

Kuigiza si jambo geni kwetu. Kila mtaa una mtu wake ambaye arusini huombwa amwigize mwalimu, au utingo wa basi, au shangazi fulani akigomba. Huyo hamdanganyi mtu, kwa kuwa amesimama mbele za watu kwa sura yake mwenyewe, na wote wajua kwamba sauti ile ni ya kuazima. Ama yule wa mtandaoni, picha ni ya mwenzie, jina ni la mwenzie, na yeye mwenyewe haonekani. Msomaji hana uso wa kuutazama akatambua kuwa mwenye kusema anacheka.

Khabari hii wenye mtandao wa Twitter waliipata mapema. Mwaka 2009 Tony La Russa, kocha wa besiboli huko Marekani, aliwashitaki kwa sababu ya akaunti ya uongo iliyotumia jina lake. Mwezi Juni wa mwaka ule ule wakaanza kutoa alama ya kuonyesha kwamba mwenye akaunti amekwisha kuhakikishwa. Watu wakaizoea alama ile, wakaiamini. Kisha Elon Musk akaununua mtandao, Oktoba 2022, kwa dola bilioni 44, na alama ikatiwa sokoni: tangu tarehe 9 Novemba aliyelipa dola 8 kwa mwezi aliipata, bila ya kuhakikishwa kuwa ni nani. Kesho yake mtu mmoja akajiita kwa jina la Eli Lilly, kampuni kubwa ya dawa, akatangaza kwamba sasa insulini ni bure. Tangazo lilikaa kwa masaa. Kampuni yenyewe ikatoka kuomba radhi, na uuzaji wa alama ukasimamishwa kwa muda.

Vijana wetu wamsifu mtu yule. Wasema, “Maalim, si alisema la haki?” Nao wana hoja. Waliovumbua insulini huko Toronto waliiuza hati yao ya uvumbuzi kwa chuo kikuu, mwaka 1923, kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isiwe ya matajiri peke yao. Miaka mia baadaye chupa moja ya Humalog ya kampuni hiyo ilikuwa na bei ya dola 274 na senti. Tarehe 1 Machi 2023 kampuni ilitangaza kuipunguza bei hiyo kwa asilimia 70. Kwa hivyo hatusemi kwamba mzaha ule ulikosa maana. Bali twauliza: ni nani aliyeusoma bila ya kucheka? Ni mgonjwa ambaye chupa yake imebakia robo, naye akipunguza kipimo ili imfikishe mwisho wa mwezi. Mwenye afya aliona kichekesho; huyu aliona faraja, kisha akanyang’anywa.

Sasa tueleze yetu. Kabla ya Ramadhani iliyopita vijana hawa hawa walifungua ukurasa wenye jina letu na picha yetu, ile tuliyopigwa siku ya Maulidi. Wakatuigiza tunavyokohoa kabla ya kufoka, na tunavyosema “basi” mara mbili mbili. Tulipoonyeshwa tulicheka, wala hatukuwaambia wauondoe. Kosa hilo ni letu.

Ramadhani ikaingia. Mzee mmoja wa mtaani, mwenye maradhi ya sukari, akauandikia ukurasa ule kwa adabu, akiuliza kama sindano ya insulini yafunguza. Wanetu wakamjibu: “Sindano hufunguza hata cherehani, sembuse mtu!” Wengi wakacheka. Mzee akaacha sindano siku mbili, na siku ya tatu akachukuliwa hospitali hajijui. Amepona, alhamdulillahi.

Na hukumu aliyoitafuta ni nyepesi. Wanazuoni wengi wa zama hizi wasema sindano hiyo haifunguzi, kwani si chakula. Na mgonjwa ambaye saumu yamdhuru ana ruhusa ya kula. Ama kipimo cha dawa, hilo ni la daktari, si letu.

Tulikwenda hospitali pamoja na vijana. Wakamwambia, “Babu, tulikuwa twafanya mzaha tu.” Mzee hakuwatazama wao, alitutazama sisi, akauliza, “Kwani si wewe uliyenijibu?” Tukamweleza, akaitikia kwa kichwa, na baada ya kitambo akauliza tena yale yale.

Basi wanetu, jibu letu ni hili. Atakaye kuigiza na aandike katika jina lenyewe, mwanzoni, kwamba huu ni mwigo. Mtandao ule, ambao sasa waitwa X, nao umewataka waigizaji wafanye hivyo tangu 2025. Asitumie picha ya mwenzie kana kwamba ni yake. Na akiulizwa suali la kweli na mtu mwenye haja, auache mzaha pale pale, amwambie, “Mimi siye.” Maneno mawili haya yangemtosha mzee wetu.

Ukurasa ule vijana wameufuta wenyewe. Mzee hasomi tena jambo letu simuni. Juzi alimtuma mjukuu wake baada ya alasiri, na kijana akasimama mlangoni, akasema ameagizwa asiondoke mpaka atusikie kwa masikio yake.