Kamaru Si wa Baa Peke Yake

Ukipita mjini Nyeri au Karatina Ijumaa usiku, hukosi kumsikia mtu mmoja na gitaa lake akiwachezesha watu mugithi, muziki wa Kikuyu wa gitaa moja. Akifika kwenye nyimbo za Joseph Kamaru, baa nzima huitikia. Kwa bahati mbaya, heshima tunayompa mtunzi huyo inaishia hapo hapo, kati ya meza na chupa.

Kamaru alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939. Alikwenda Nairobi kusaka kazi, na katikati ya miaka ya 1960 akaanza kurekodi, mara nyingi akiimba na dada yake, Catherine Muthoni. Mwomboko, ngoma ya kodiani na karing'aring'a (chuma cha duara cha kugongwa) iliyochezwa na wazee wa Mlima Kenya tangu enzi za mkoloni, aliutia kwenye magitaa. Maneno aliyafuma kwa methali za Kikuyu, hata anayekemewa akajitambua bila kutajwa.

Wimbo wake "Ndari ya Mwarimu" uliwachoma walimu waliowatongoza wanafunzi, nao wakaja juu. Mbunge J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kamaru alimwombolezea waziwazi kwenye santuri, huku wakubwa wengi wakiufyata.

Kweli, alimsifu pia Rais Moi, kisha akamgeuka. Mwaka 1993 aliokoka, akavunja bendi, akahamia nyimbo za injili. Wanaomwita kigeugeu wakumbuke kwanza kwamba hakuna mtunzi wa siasa anayeishi chini ya marais wanne na kubaki na wimbo mmoja.

Alifariki Oktoba 3, 2018. Mjukuu wake, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru ila anajulikana kama KMRU, aliweka makao Berlin. Hutunga muziki wa majaribio kutokana na sauti za mazingira, na albamu yake "Peel" ya mwaka 2020 ilisifiwa sana Ulaya. Ni yeye ambaye amekuwa akizipandisha nyimbo za babu yake kwenye intaneti.

Ni aibu kwetu kwamba kazi hiyo tumemwachia mjukuu. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni. Murang'a na Nyeri zingeweza kuanzisha hifadhi ya muziki huu kabla wanaoukumbuka hawajaisha. Nawe uliye na santuri za Kamaru darini, Othaya au Mukurwe-ini, usizitupe. Zipanguse vumbi, kisha umwulize afisa wa utamaduni wa kaunti yako atazihifadhi wapi.